Mteja Mmoja wa Lyamkena

Nyinyi mnaoshika mwiko leo mkiwa na simu kwenye mfuko wa nyuma, msidhani niliingia kwenye mtandao kwa kupenda maendeleo. Mke wangu ndiye aliyeniingiza, na aliniingiza kwa sababu alikuwa amenichoka.

Maisha yangu yote ya kazi nimejenga dohani. Dohani ni lile bomba la matofali linalopandisha moshi kutoka kwenye meko ya sebuleni, ya kuotea moto, mpaka juu ya paa. Wengi huku kwetu huliita chimni. Watu wa joto hawaijui kazi hii, na wala siwalaumu. Lakini nenda Njombe mwezi wa saba, umande umeganda kwenye majani na maji ya kunawa yanauma vidole, halafu uniambie kama fundi wa dohani si mtu wa maana. Nimejenga Njombe mjini, nimejenga Lupembe kwenye nyumba za mameneja wa chai, nimejenga mpaka kwa mzee mmoja aliyetaka dohani kwenye banda la ng'ombe. Nilimjengea. Ng'ombe walifurahi kuliko wateja wengi niliowahi kuwa nao.

Magoti yaliponistaafisha nikatulia nyumbani, Lyamkena, hapa Makambako. Hapo ndipo mke wangu, Mama Tumaini, alipoanza kuteseka. Yeye ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, mtu mwenye subira ya kupita kiasi. Lakini siku moja nilikuwa namweleza, si kwa mara ya kwanza, kwa nini mdomo wa meko usiwe mpana mno kuliko dohani yenyewe, akaweka kijiko chini.

"Baba Tumaini," akasema, "nimefundisha watoto a, e, i, o, u mpaka nikaota. Sijawahi kurudia somo kama unavyorudia wewe. Tafuta watu wa kazi yako uongee nao."

"Wako wapi?"

"Mtandaoni. Huko kuna watu wa kila kitu. Mimi nafuata blogu ya wafuma masweta. Wanaulizana, wanaelekezana, wanasifiana. Fungua ya kwako uniache nile."

Sasa niwaambie kitu ambacho yeye alikijua na hakukisema. Mtu wa kazi yangu alikuwepo, tena ng'ambo ya barabara. Anaitwa Sanga, mtu wa Makete, na ukisimama mlangoni kwangu unaona geti lake. Lakini mimi na Sanga tulikuwa hatuongei kazi. Tulikuwa tunasalimiana tu, maana tumelelewa vizuri. "Kamwene." "Kamwene, fundi." "Baridi." "Baridi kweli." Kisha kila mtu anaingia kwake na kufunga. Hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu kwa miaka na miaka, na hata kiangazi tulisema baridi.

Niwaeleze tulifikaje huko.

Wote wawili tulifundishwa na fundi mmoja wa Njombe, marehemu Mzee Luvanda. Mzee huyu alijenga kwa masikio. Alikuwa anagonga tofali kwa kifundo cha kidole, likilia vizuri analipanga, likijibu kama mtu aliyeamshwa usingizini analitupa. Na hilo bado ni kweli, vijana. Tofali la dohani lisikilizeni. Na ndani ya meko tumieni udongo mzuri wa mfinyanzi, si saruji tupu, kwa sababu saruji ikipata moto mkali inapasuka na moshi unatafuta njia pale pale.

Mzee Luvanda alitufundisha kuwa dohani ina tumbo, koo na kofia. Tumbo ni pale moto unapokaa. Koo ni pale juu ya moto panapobanwa ili moshi ushike mwendo. Kofia ni kile kifuniko cha juu kabisa kinachozuia mvua isirudi ndani. Sanga alikuwa mtu wa tumbo na koo, alijua moshi unaanzaje safari. Mimi nilikuwa mtu wa kofia, nilijua unaimalizaje. Tukiwa pamoja tulikuwa fundi mmoja mzuri sana. Tukiachana, kila mmoja alikuwa nusu, ila ilituchukua muda mrefu kuligundua hilo.

Na kulikuwa na desturi ya shati jeupe. Siku ya kukabidhi kazi, fundi alivaa shati lake jeupe la kanisani, akakaa mbele ya moto wa kwanza mpaka kuni zikawa makaa. Kisha mwenzake alimnusa. Si mteja, wala si wewe mwenyewe, maana mtu hasikii harufu yake. Mwenzako anakuja, anainama kwenye kola, ananusa. Akisema "safi," kazi imekabidhiwa. Akisema unanuka, kesho mnabomoa. Wateja wengi walidhani ni mambo ya dhehebu letu, wengine walivua kofia.

Basi, masista wa misheni moja upande wa Njombe walitaka meko kwenye sebule ya wageni. Sebule ilikuwa ndefu, nzuri, na madirisha yamezibwa kwa mipira pembeni hata nzi hapiti. Sanga akaangalia akasema lazima tuache tundu la pumzi, tundu la ukubwa wa ngumi chini ukutani karibu na moto, liingize hewa kutoka nje. Nikamwambia, "Watu wanaomba joto, wewe unawaletea baridi kwa bomba?" Akasema moto usipopumua hauvuti. Nikasema tangu lini moto una mapafu. Tukabishana mpaka Sista Mkuu akatoka ofisini. Alikuwa mama mpole aliyekuwa na kazi nyingi siku hiyo.

"Tundu hapana," akasema, "panya wataingia. Lakini kwa nini mnagombana? Sebule ni ndefu. Kila mmoja ajenge yake upande wake, wageni watachagua."

Vijana, mteja akitoa wazo la namna hiyo, kaeni chini mfikiri. Sisi hatukukaa. Tulijenga. Meko mawili yakitazamana, kila moja na dohani yake, na sijawahi kupanga matofali kwa hasira nzuri namna ile. Siku ya kukabidhi tukavaa mashati meupe, Sanga akakaa kule, mimi huku, masista katikati, na padri amekuja kubariki. Tukawasha pamoja.

Kwangu moshi ulipanda vizuri. Nikatabasamu. Kisha nikaona kwa Sanga moshi unashuka kutoka juu na kuingia sebuleni, kwa sababu dohani yangu ilikuwa inavuta hewa ya chumba, na chumba kimezibwa, kwa hiyo ilivuta kupitia dohani yake. Sanga akaongeza kuni. Ya kwake ikapata nguvu, moshi ukaanza kushuka kwangu. Nikaongeza kuni. Akaongeza. Masista walianza wimbo wakauacha katikati. Padri alibariki kwa kukisia, na nasikia maji ya baraka yalimpata mpishi. Tulipotoka nje mashati yetu yalikuwa rangi ya panya, na hapakuwa na haja ya kunusana.

"Dohani yako imeharibu yangu," akasema.

"Yako ndiyo imeharibu yangu," nikasema.

Wote tulikuwa tunasema kweli, na ndiyo maana ugomvi haukuisha. Mpaka leo ndani ya meko yale kuna vyungu vya maua.

Kwa bahati mbaya au nzuri, tulikuwa tumeshanunua viwanja vyetu Lyamkena, vinatazamana, na nyumba tulikuwa tumeshajengeana, yeye kwangu na mimi kwake. Huwezi kuhamisha nyumba kwa sababu ya padri. Kwa hiyo tukaishi. Kati yetu mafundi wa zamani, wakikosana wawili, atakayevuka geti la mwenzake kwanza ndiye amekubali kosa. Mimi sikuvuka, naye hakuvuka. Wake zetu walivuka kila siku. Mama Eda wa kwa Sanga na Mama Tumaini waliazimana chumvi, ungo, habari na sindano za kufumia, na wakiwa njiani walitupita sisi tumesimama kila mmoja kwenye geti lake kama walinzi.

Nilikuwa namkosa Sanga. Ninalisema wazi, kwa sababu kwenye blogu nilichukua muda mrefu kulikwepa. Mke wangu nampenda, ila ukimwambia mtu "koo limebanwa vizuri" na asijue uzuri wake uko wapi, unabaki na neno lako mdomoni.

Basi nikafungua blogu. Mama Tumaini alinisaidia, tukaiita Moshi Uende Juu. Makala ya kwanza niliandika juu ya urefu wa dohani, kwamba lazima ipande juu ya mgongo wa paa, la sivyo upepo unaokuja kutoka upande wa pili wa paa unaugeuza moshi na kuurudisha ndani. Niliiandika kwa uchungu na kwa mifano. Nikasubiri mafundi wenzangu wa dunia.

Wa kwanza alikuwa mtu wa Pwani. Aliuliza: "Mzee, samahani, kwa nini mnawasha moto ndani ya nyumba kwa makusudi?" Wa pili alitaka kujua kama nauza matofali. Wa tatu aliandika kwamba amejifunza mengi sana, Mungu anizidishie, na kama ninaweza kumtumia nauli. Wa nne aliuliza kuhusu dohani ya pikipiki yake, inatoa moshi mweusi. Nilimjibu kwa heshima, nikamwelekeza aangalie kama iko juu ya mgongo wa paa. Alinishukuru.

Nilitaka kuifunga. Lakini wakati huo nyumbani kwangu kulikuwa na jambo la aibu.

Watoto wetu walitutumia madirisha mapya ya alumini. Mazuri, yanang'aa, yanafunga kabisa. Lori lililoyaleta lilikwama mtaroni mbele ya geti la Sanga na kushinda hapo mchana kutwa. Tangu madirisha yale yafungwe, meko yangu yakaanza kurudisha moshi. Mimi, fundi wa dohani, nikawa nakaa sebuleni kwangu kama nyama inayokaushwa. Mama Tumaini macho yakawa mekundu, akaanza kufumia jikoni. Nilisafisha dohani, kwa kamba na kifurushi cha matawi kinachovutwa kutoka juu mpaka chini, kwa sababu kuni za misindano, yaani misonobari, zina utomvu na huacha masizi mengi. Haikusaidia. Nilirekebisha kofia ingawa kofia haikuwa na kosa. Haikusaidia. Na kumuuliza mtu sikuweza. Fundi gani wa dohani anauliza habari ya dohani yake?

Ndipo nikaandika kwenye blogu: "Kuna mteja mmoja wa Lyamkena. Meko yake yalikuwa mazuri miaka yote, sasa yanarudisha moshi. Dohani ni safi na ndefu. Naomba maoni ya wataalamu."

Jibu lilikuja mchana huo huo. Aliyeandika alijiita Mpita Njia.

"Mwambie mteja wako aeleze vizuri," aliandika. "Moshi ulianza kabla au baada ya madirisha ya alumini, yale yaliyokuja na lori jeupe likazibia watu geti?"

Nilisimama. Nikaenda dirishani. Ng'ambo ya barabara Sanga alikuwa amekaa barazani, miwani puani, simu mkononi, anatazama angani kama mtu anayehesabu mawingu.

Alijua ni mimi. Nilijua ni yeye. Alijua kwamba najua, maana tuliangaliana. Nikarudi ndani nikaandika: "Asante Mpita Njia. Nitamuuliza mteja."

Jioni tukakutana kwenye mageti. "Kamwene." "Kamwene, fundi." "Baridi." "Baridi kweli." Tukaingia ndani kila mtu kwake, nikaandika: "Mteja anasema ni baada ya madirisha."

Siku zile zilikuwa nzuri sana, vijana. Mpita Njia alinieleza kwa utaratibu jambo ambalo sikumpa nafasi ya kulieleza kwa masista. "Dohani haivuti moshi peke yake," aliandika, "inavuta na hewa ya chumba. Madirisha ya zamani ya mbao yalikuwa na nyufa, hewa ikaingia bila sisi kujua, tukajisifu kwamba tumejenga vizuri. Sasa nyumba zimezibwa. Moto ukikosa hewa pembeni, unaishusha kutoka juu, nayo inakuja na moshi wake. Mteja afungue dirisha kidogo aone."

Mteja alifungua dirisha kidogo. Moshi ukanyooka kama askari. Mteja akakaa chini.

"Baba Tumaini, unafungua dirisha na baridi hii?" mke wangu akauliza.

"Napunga hewa."

"Unalia?"

"Ni moshi."

Hapakuwa na moshi tena.

Muyaandike haya kwenye simu zenu, kwa kuwa nyumba mnazojenga sasa zote ni za alumini na dari: kila meko yapewe tundu la pumzi, chini, karibu na moto, na wavu mwembamba wa kuzuia panya. Hewa iingie pale pale penye moto, isikatize chumba na kupiga watu miguuni. Sista wa watu alikuwa na haki juu ya panya, ila wavu ungetosha.

Shida ni kwamba meko yangu yako kwenye ukuta wa barabarani. Nyumba yangu imekaa mwisho kabisa wa kiwanja, ukuta wenyewe ndio mpaka. Nikitoboa, Lyamkena nzima italiona tundu la Sanga kwenye nyumba yangu mimi, Mgaya. Nililiahirisha jambo hilo kwa kuandika makala ndefu kuhusu historia ya kofia, ambayo hakuna aliyeisoma isipokuwa mmoja. Aliandika chini yake: "Makala nzuri. Mteja ametoboa?"

Nikajibu kwamba mteja anatafakari.

"Akitoboa," akaandika, "asiguse upande wa kushoto, kuna nguzo ya zege ndani. Atoboe kulia, tofali la pili kutoka chini, tuliliweka kwa udongo mtupu kwa sababu saruji ilikuwa imeisha."

Yule mtu wa Pwani, aliyekuwa bado anafuatilia kila kitu, akauliza: "Samahani, nyinyi wawili mnafahamiana?"

Nikaandika: "Hapana."

Mpita Njia akaandika: "Hatujawahi kuonana."

Asubuhi moja nikachukua tindo na nyundo, nikapiga magoti kando ya meko, nikaanza kugonga tofali la pili kutoka chini, kulia. Nikapumzika. Ukuta ukaendelea kugonga. Nikadhani ni masikio. Nikagonga mara moja, ukuta ukagonga mara moja. Nikaelewa. Tukagonga hivyo kwa zamu, mimi ndani, yeye nje, bila neno, mpaka tofali lilipolegea na kutoka, mwanga ukaingia, na kwenye mwanga kukawa na jicho la Sanga.

"Kamwene," jicho likasema.

"Kamwene, fundi."

"Nimesimama barabarani. Sijaingia kwako."

"Sijasema umeingia."

"Barabara ni ya serikali."

"Najua barabara ni ya nani."

Bodaboda akasimama nyuma yake. "Mzee, unavunja nyumba ya watu mchana kweupe?"

"Namsaidia mteja," Sanga akasema.

"Mteja yuko wapi?"

"Yuko ndani, nami niko nje. Nenda zako."

Tukaweka kipande cha bomba, tukaweka wavu, Sanga akapiga lipu kwa nje kwa mkono wake ule ule wa zamani, mwepesi, usioacha alama ya mwiko. Nilimsikia anapangusa vifaa vyake. Nilitaka kumwambia aingie anywe chai. Nilifungua mdomo kabisa. Akasema, "Baridi." Nikasema, "Baridi kweli." Akavuka barabara.

Nikawasha moto. Moshi ulipanda. Mama Tumaini alirudi sebuleni na sweta lake, akakaa, akavuta pumzi ndefu, na hakusema chochote kuhusu dohani, jambo ambalo kwa mwalimu wa darasa la kwanza ni sifa kubwa.

Mimi nikavaa shati jeupe. Desturi ni desturi. Nikakaa mbele ya moto mpaka kuni zikawa makaa, nikajipiga picha, nikaiweka kwenye blogu: "Mteja amekaa na shati jeupe. Ni safi kama mnavyoona."

Mpita Njia akajibu: "Picha hainuki."

Nilikasirika, maana alikuwa sahihi tena. Nikamwomba Mama Tumaini aninuse. Akaninusa, akasema nanuka uzee. Nikamwomba aniambie kama nanuka moshi, akasema yeye si fundi na hataki kesi. Kwa hiyo kazi ile ikabaki haijakabidhiwa. Kila nilipowasha moto nilivaa shati lile lile, nikakaa, nikangoja bila kujua nangoja nini. Mtu wa Pwani aliandika kunishauri nivae sweta.

Kisha mvua zikaanza, na Mpita Njia akaandika jambo jipya. "Na mimi nina mteja," aliandika. "Mvua inamwingilia kwenye dohani, inazima moto. Kofia yake imechoka. Mwenye utaalamu wa kofia anisaidie."

Vijana, niliruka. Nilijua kofia ile, nimeijenga mimi. Niliandika mpaka usiku wa manane, nikaeleza kila kitu. Kofia mpya isimame juu ya miguu minne mifupi ya matofali. Upande unaopokea mvua miguu ikaribiane, upande wa pili iachane moshi upate mlango. Kifuniko kiinamishwe kidogo, maji yamwagikie paani yasitiririke ndani. Mwisho nikaandika kwa herufi kubwa: MTEJA ASIPANDE MWENYEWE. GOTI LAKE SI ZIMA.

"Umejuaje habari ya goti?" akauliza mtu wa Pwani.

Hatukumjibu. Goti lile liliumia Lupembe, Sanga alipoanguka kutoka jukwaa nililolifunga mimi. Kwa habari ya jukwaa hatukuwahi kugombana. Alisema tu, "Kamba ilikuwa mbovu," basi.

Siku mbili tatu hakukuwa na neno kwenye blogu. Asubuhi moja mvua ilikuwa imekatika, akina mama wako sokoni, nami nimekaa mbele ya moto na shati langu jeupe. Nikainama kuangalia kama wavu wa tundu umeziba. Kupitia tundu lile unaona barabara, geti la Sanga, na kipande cha ua wake. Geti lilikuwa wazi. Nikaona miguu ya ngazi, imesimama kwenye tope. Nikaona mguu mmoja unateleza, unasimama, unateleza tena kidogo.

Sikumbuki nilivyotoka. Najua nilivuka barabara bila viatu, kwa sababu tope liliingia katikati ya vidole. Nikavuka geti. Nikakumbatia ngazi kwa mikono na kifua.

Kule juu mwiko ukanyamaza.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Nikafikiri. "Mteja," nikasema.

Nikasikia anavuta pumzi.

"Uko wapi?"

"Chini ya ngazi."

"Ngazi iko kwangu."

"Najua ngazi iko wapi, Sanga."

Mwiko ukaanza upya, taratibu. "Basi shika vizuri," akasema. "Kofia bado."

"Miguu ya upande wa mvua umeisogeza karibu?"

"Nimesoma. Umeandika mara tatu."

"Kifuniko kimeinama?"

"Mgaya, ninakusikia. Huna haja ya kupiga kelele, si blogu hii."

Nadhani alichukua muda mrefu kuliko kazi ilivyodai. Aligonga, alipima, aligonga tena palepale, na mimi sikulalamika, miguu imeganda kwenye tope la kwake. Akaanza kushuka, goti bovu kwanza, kidato kwa kidato. Kwenye vidato vya mwisho aliweka mkono begani kwangu, mkono mweusi wa masizi, na vidole vyote vikabaki kwenye shati jeupe.

Alisimama chini, akafuta miwani, akalitazama lile shati. Kisha akainama kwenye kola yangu, kama alivyokuwa akifanya tukiwa vijana, akanusa. Akanusa tena.

"Safi," akasema.

Nikaanza kulia pale uani kwake, na safari hii hapakuwa na moshi wa kuusingizia.